Kwa nini Maktaba Kuu ya Dar hawakukuazima kamusi

Mdogo wangu, hawajakuonea. Kamusi, atlasi na ensaiklopidia ni vitabu vya rejea, vinasomewa humohumo ndani hata uwe mwanachama wa miaka mingi. Cha kwenda nacho nyumbani utakipata kwenye rafu za kuazimisha, ila kwanza ujiandikishe: fomu, picha, ada na mdhamini. Huyo mdhamini ndiye anayewakwamisha wengi. Mtafute mapema, tena awe mtu anayekujua kweli, maana kitabu kikipotea na wewe huonekani, yeye ndiye atakayeulizwa.

Halafu hapo Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, kuna vitabu vingine ambavyo havitoki kabisa. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wa nchini wapeleke nakala za machapisho yao, na hizo zinatunzwa kwa ajili ya taifa. Unamwomba mkutubi, unasoma, unarudisha. Ada zinabadilika, kaulize mapokezi.

Na ukimaliza kusoma, kitabu kiache mezani (wengi hudhani huu ni uvivu). Ukikirudisha rafu isiyo yake, mwenzako hatakiona tena.