Mwanangu anafungua kila kitu, nimkanye?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mwanangu ana miaka 13. Kafungua redio ya babu yake, kafungua saa ya ukutani, na juzi kafungua feni ya mezani iliyokuwa ikivuma bila kuzunguka. Ameifunga tena, skrubu mbili zimebaki na feni bado yavuma tu. Baba yake asema mtoto huyu ni mharibifu, na bisibisi zote kazificha. Mimi naona ana hamu ya kweli. Nimkanye au nimwache?
Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usimkanye. Mpe sharti ninalowapa vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Malindi: kabla ya kushika bisibisi, aseme anatafuta nini. Anayefungua bila swali atafunga bila jibu, na ndipo skrubu hubaki. Mpe trei ya mayai, kila skrubu iwe na shimo lake kwa mpangilio wa kufunguliwa, na apige picha kila anapoondoa kitu.

Baba yake naye ana haki ya kuogopa. Umeme wa nyumbani ni volti 240, lakini ndani ya televisheni au chaja ya kompyuta hupita 300, na kapasita kubwa, yaani kifaa kinachoweka umeme akiba, huushika hata baada ya kuchomoa waya. Hivyo asivifungue bado. Maikrowevu asiiguse kabisa, kapasita yake hubeba volti 2,000 hivi na inaua. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kubanuliwa, hushika moto. Saa, tochi na redio za betri kavu avifungue atakavyo. Ukipata pesa mnunulie mita ya kupimia umeme kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya chuma cha kuchomelea. Bila mita atakuwa anakisia tu.

Sasa hiyo feni, maana ni somo zuri sana. Kuvuma ni dalili kwamba umeme unafika kwenye mota. Aichomoe kwenye soketi, kisha azungushe mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito na kusimama mara moja, mhimili umekauka. Huko kwenu upepo wa bahari huleta chumvi, ikichanganyika na vumbi hula chuma na kunata kwenye mafuta. Asafishe mhimili kwa spiriti, atie tone la mafuta ya cherehani mbele na nyuma, pale unapoingia kwenye mota. Mafuta ya kupikia hapana, baada ya muda hugeuka gundi.

Mapanga yakiwa mepesi, shukuni kapasita, kile kijiboksi cheusi chenye waya mbili. Mota ya feni ina koili, yaani mizunguko ya waya, za aina mbili, na kapasita hufanya umeme wa koili ya pili upishane kidogo kwa wakati na ule wa koili ya kwanza. Kupishana huko ndiko kunakofanya nguvu ya sumaku izunguke na kuvuta mhimili. Kapasita ikichoka, sumaku huvuta huku na huku pale pale, mota ikavuma na kupata moto. Kuhakikisha ni kazi ya baba yake: wavu ukiwa umefungwa, awashe feni na asukume mapanga kwa kijiti cha mbao, kisha akitoe haraka. Yakishika mwendo yenyewe, ugonjwa ni huo.

Feni ichomolewe tena. Kabla ya kugusa waya za kapasita, wazigusishe zote mbili kwenye balbu ya zamani ya nyuzi, umeme uliobaki uishie humo. Kisha kijana aende dukani na ile kapasita yenyewe. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi, kipimo cha umeme inaoweza kuweka, mara nyingi 1.5 au 2, pamoja na volti. Mikrofaradi za mpya ziwe zile zile, na volti zisipungue.