Maswali ya Wasomaji: Televisheni ya Chogo, Betri Iliyovimba na Moshi wa Nyaya

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Dar es Salaam watuandikie kuhusu vifaa vya umeme vilivyokufa na kubaki majumbani na maofisini mwao. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, kwa hiyo tumechagua tano, na baadhi yake tumezifupisha bila kugusa maana.

Nina televisheni ya chogo niliyoinunua kabla matangazo ya analojia hayajazimwa. Niliitumia miaka mingi kwa msaada wa king'amuzi, lakini sasa imekufa kabisa na imekaa tu chini ya ngazi. Nina pia droo iliyojaa simu za kitochi na chaja zilizokatika. Kijana wa skrepa anayepita mtaani kwetu yuko tayari kuichukua televisheni kwa shilingi elfu tatu, wakati mume wangu anasema vyote vipakiwe kwenye gari la taka. Tumsikilize nani?
*Mama wa Mbagala Kizuiani*

Mama, gari la taka lisahauni, na yule kijana msimpe televisheni kabla hamjamuuliza kioo chake atakipeleka wapi. Ninavyowafahamu vijana wetu, atacheka, kwa sababu kioo si kitu kilichomleta. Anachokitafuta ni koili ya shaba iliyovikwa shingoni mwa kioo, pamoja na nyaya na vipande vya alumini. Akishavitoa, kinachobaki hakina mnunuzi, na ndiyo maana mitaro yetu ina vioo vya televisheni.

Kioo hicho kilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, tangu kiwandani, ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji, na sehemu kubwa ya risasi hiyo imo katika koni ya nyuma, yaani chogo lenyewe. Kikiwa kizima hakimdhuru mtu, hata kikikaa chini ya ngazi miaka kumi. Kikivunjwa mambo hubadilika: kwanza, ndani yake hakuna hewa, hivyo kikigongwa vibaya hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande, pili, vumbi na vigae vyake hubaki kwenye udongo ambao watoto wanauchezea, na mvua za masika huvisukuma hadi mabondeni ambako watu wanalima mchicha na matembele. Elfu tatu mtakayopewa ni bei ya shaba, na risasi mtakuwa mmeachiwa bure.

Gari la taka nalo huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako waokotaji wakiikuta televisheni wataifanya vilevile alivyotaka kuifanya kijana wenu, tofauti ikiwa ni kwamba wao watakuwa wamesimama juu ya lundo la taka.

Tanzania ina kanuni mahususi za kusimamia taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zilizotungwa mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na anayefanya biashara ya kukusanya au kurejeleza taka hizo anatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya mazingira. Ulizeni kibali hicho bila haya. Ugumu ni kwamba mwenye kibali hawezi kulituma gari Mbagala kwa ajili ya televisheni moja, kwa hiyo nendeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa mkaombe ipangwe siku moja ambayo majirani wote watatoa walivyonavyo. Televisheni za chogo mtaani kwenu haziwezi kuwa moja. Msishangae pia mkiambiwa kwamba hamtalipwa chochote kwa televisheni, au hata kwamba mchangie usafiri, kwa sababu kushughulikia kioo chenye risasi kunagharimu zaidi ya kile kinachopatikana humo.

Simu ndizo zenye thamani. Medali za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa katika vifaa chakavu vilivyochangwa na wananchi wa Japani kati ya mwaka 2017 na 2019; takribani tani 79,000 za vifaa, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6, zilitoa kilo 32 za dhahabu. (Asije msomaji akafungua droo yake na nyundo mkononi: agawanye kwanza kilo hizo kwa idadi ya simu.) Thamani hiyo hupatikana mzigo ukiwa mkubwa na mtambo ukiwa sahihi, kwa hiyo simu zenu ziongezwe kwenye mzigo wa mtaa zikiwa nzima, betri zake zikiwa ndani.

Simu yangu imevimba mgongo hadi kava halifungi. Fundi mmoja amenishauri tutoboe betri kwa sindano ili hewa itoke, kisha niendelee kuitumia. Je, ni salama?
*Mwanafunzi, Sinza*

Hapana, na usirudi kwa fundi huyo. Kilichojaa ndani ya betri ya lithiamu iliyovimba ni gesi inayotokana na kuharibika kwa kemikali zake, na gesi hiyo inaweza kuwaka. Sindano ikigusanisha tabaka mbili za ndani, betri hupata joto la ghafla, hutoa moshi wenye sumu na hushika moto ambao si rahisi kuuzima. Izime simu, usiichaji tena hata kwa dakika tano za kuhamisha picha, usiibane wala kuikunja. Iweke juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chombo cha bati chenye mchanga mkavu, mbali na godoro, mapazia na jua la dirishani, halafu ipeleke kwa fundi mwenye uzoefu wa kutoa betri za namna hiyo. Betri iliyotolewa isitupwe kwenye ndoo ya taka, kwa sababu betri kama hizo zikibanwa zinaweza kuwasha moto kwenye malundo ya taka.

Ofisi yetu imebadilisha kompyuta, na za zamani zimejaa chumba kizima. Mkurugenzi anataka tuzipeleke shule moja ya msingi kama msaada, lakini karibu nusu yake haziwaki. Aidha, ndani yake zimo taarifa za wateja. Mhasibu anasema kufuta mafaili kunatosha. Naomba mwongozo.
*Ofisa utawala, Upanga*

Ndugu, nianze na mhasibu, kwa sababu kauli yake ndiyo inayoweza kuwafikisha pabaya. Kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye orodha. Maandishi yenyewe hubaki kwenye diski mpaka yaandikwe mengine juu yake, na programu za kuyarudisha ziko mikononi mwa kila kijana mwenye udadisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayezishika taarifa za watu azilinde, na ulinzi huo haukomi kwa sababu tu kompyuta imezeeka. Diski zenye sahani inayozunguka zifutwe kwa programu inayoandika upya diski nzima. Zile za kisasa zisizozunguka hufutwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji wake, na ambazo haziwaki zitolewe na kuharibiwa kabisa mbele ya shahidi, kisha orodha ya namba zake isainiwe na kuhifadhiwa. Kazi hiyo ni ya fundi wenu wa kompyuta, na msimwachie anayekuja kuzibeba.

Kuhusu shule, nitasema wazi ingawa mkurugenzi hatafurahi. Kuipelekea shule kompyuta isiyowaka ni kuhamisha chumba chenu cha stoo kwenda kwa mwalimu mkuu ambaye hana bajeti ya kuiondoa. Sisi wenyewe tumelalamika kwa miongo mingi kwamba nchi tajiri zinatuletea vifaa vilivyokufa kwa jina la mitumba. Afrika ilitunga Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia taka hatarishi zisiingizwe barani, na tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi, unataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia. Ombi letu kwao lilikuwa kwamba wakague kabla ya kupakia, nanyi mfanye vivyo hivyo. Kompyuta iwashwe, iachwe ikiwaka saa kadhaa, ijaribiwe kibodi na kioo chake, iwekewe programu zinazofaa, na shule iulizwe kama ina umeme wa uhakika na mtu wa kuzitunza. Zitakazofaulu zipelekwe kwa moyo mweupe. Zilizobaki zikabidhiwe kwa mwenye kibali, naye awape hati ya kupokea na ya kuteketeza, ambayo mkaguzi wenu atawauliza siku moja.

Shikamoo kaka wa safu. Mimi na wenzangu tunakusanya skrepa huku Buguruni. Nyaya tunazichoma ili tupate kopa, yaani shaba. Kila mtu anatusema kwa moshi, na mtendaji ametutishia faini, lakini hakuna aliyetuonyesha njia nyingine. Tukiacha kuchoma tutakula nini?
*Kijana wa skrepa, Buguruni*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeiweka karibu na mwisho kwa sababu inazijibu barua nyingi zilizotangulia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Maana yake ni kwamba karibu kila kifaa kinachokufa barani humu, kikivunjwa, kinavunjwa na mikono kama yako. Anayewafukuza bila kuwapa mahali pa kufanyia kazi anawahamishia mtaa wa pili tu, nanyi mtaendelea kuchoma huko usiku.

Hata hivyo moshi huo nauogopa, na nitakueleza sababu. Ganda la waya kwa kawaida ni plastiki yenye klorini. Likiungua kwa moto hafifu wa kienyeji hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka mingi na zinahusishwa na saratani. Majivu yake hubeba risasi iliyokuwa kwenye ganda. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wewe unaweza usione chochote kwa miaka, huku mwanao wa miaka miwili, anayekurukia ukirudi nyumbani, akiipokea kutoka kwenye shati lako.

Tuzungumze biashara. Shaba iliyoungua hutoka nyeusi na yenye makaa, na katika biashara ya vyuma duniani kote hupangwa daraja la chini kuliko shaba inayong'aa iliyomenywa. Mkiwa na nyaya nene za majumbani, zimenyeni kwa kisu imara kilichofungwa kwenye ubao, waya ukivutwa kupita juu yake. Mashine ndogo za kuzungushwa kwa mkono zipo, na kikundi cha watu watano kinaweza kuchanga kununua moja. Uliza bei ya shaba safi na ya shaba iliyoungua kwa wanunuzi tofauti kabla ya kuamua, kwa sababu mnunuzi mmoja anaweza kuwalipa bei moja kwa zote mbili na tofauti ikabaki mfukoni mwake. Nyaya nyembamba za chaja na za spika hazimenyeki kwa faida, kwa hiyo ziuzeni na maganda yake.

Bodi za simu na kompyuta msizivunje, na msijaribu kutoa dhahabu yake kwa tindikali hata mkishawishiwa namna gani. Anayezisafirisha kwenda kwenye mitambo huzitaka zikiwa nzima. Vueni nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, naweni kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na msile mahali mnapovunjia. Mkishakuwa kikundi chenye jina, nendeni halmashauri mkaulizie usajili na mikopo ya vijana inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Huyo mtendaji aliyewatishia faini ndiye mnayeanza naye. Mpelekeeni barua kabla hajaja na mgambo.

Betri ya sola ya nyumbani kwangu, ile nzito yenye maji, haishiki tena chaji. Jirani ananishauri nimwage maji yake kwanza ili iwe nyepesi kuibeba hadi kwa mnunuzi.
*Mkazi wa Kigamboni*

Usimwage. Hayo unayoyaita maji ni tindikali iliyoyeyushiwa risasi, na huko Kigamboni wengi mnakunywa maji ya visima. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi, ndiyo maana wanunuzi hawakosekani. Kupatikana kwa mnunuzi hakumaanishi kwamba kazi itafanywa vizuri: huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani na makazi kiliwaachia watu sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ibebe ikiwa imesimama wima na vizibo vyake vimefungwa, ndani ya beseni la plastiki. Muulize kwanza aliyekuuzia mpya kama anapokea ya zamani na kukupunguzia bei, kwani wauzaji wengi wa betri za magari hufanya hivyo. Akikataa, tafuta mnunuzi anayezipokea zikiwa na maji yake. Anayekutaka umwage tindikali kabla ya kupima mzani, mwachie na mzani wake.