Kurasa 31 za Kumshitaki Mke

Mume mmoja wa Wete anaandika: mkewe amechoma madaftari yake, akamwita mwendawazimu, kisha akarudi kwao Konde. Yeye huandika usiku kucha, mpaka ukutani. Anauliza kama ampe talaka.

Mwanangu, pole kwa madaftari, kuchoma hakufai. Pole imekwisha.

Barua yako ina kurasa 31, mbele na nyuma, na pembezoni umejaza tena kwa wino mwekundu. Talaka nimeikuta ukurasa wa 27. Lakini humo njiani yamekuponyoka mambo. Unalala masaa mawili na huchoki. Umeuza karafuu alizozianika mkeo, ukanunua rimu za karatasi. Unasikia harufu ya mpira unaoungua, wenzako hawaisikii. Na mkeo ati "anakuzulia" kwamba hukodoa macho, ukatafuna mdomo mtupu, ukaitwa usiitike.

Hakuzulii. Kifafa si lazima uanguke utoe povu. Kipo kinachoanzia kwenye ubongo usawa wa masikio: harufu isiyokuwepo, kisha mtu huganda nusu dakika hadi dakika mbili, hutafuna au hupapasa nguo, akizinduka hakumbuki. Miaka ya 1970 madaktari wa Marekani Waxman na Geschwind walieleza wagonjwa wa namna hiyo walioandika bila kukoma, na dini na falsafa zikiwatawala. Lakini kukosa usingizi bila kuchoka, na kutapanya mali, kunaweza pia kuwa ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, nao huwafanya watu waandike hivyo hivyo. Dawa zao si lazima ziwe moja, kwa hiyo usikisie.

Umejilinganisha na Dostoyevsky, yule mwandishi wa Kirusi. Kweli alikuwa na kifafa, na alikuwa na mke, Anna, aliyenakili kwa hatimkato alichokitamka, akachapisha vitabu na kukabiliana na wadai. Wanaume wa leo mnataka Anna wa usiku, mchana mnamuuzia karafuu zake. Ndoa za siku hizi zinavunjika kwa simu, kwa mikopo, sasa na kwa kalamu! Haya, tuendelee.

Kuandika sana peke yake si maradhi. Mwandishi akiitwa kula huja, na aliyoyaandika huyafuta akayapunguza. Wewe hata kuyasoma huyasomi, umesema mwenyewe.

Mfuate mkeo Konde, umwombe radhi na fedha yake umrudishie. Kisha umsihi aandike yeye, kwa wiki mbili: umelala saa ngapi mpaka saa ngapi, uliganda saa ngapi na kwa muda gani kwa saa ya mkononi, mdomo na mikono ilifanya nini. Akiweza, akurikodi kwa simu. Mkanda huo daktari ataushukuru, kwani kipimo cha umeme wa ubongo hurikodi muda mfupi tu. Kikitoka safi, kifafa hakijakanushwa. Siku ya kipimo osha nywele, usitie mafuta.

Usingoje wiki mbili ukianza kusikia sauti, kutaka kujidhuru, au usingizi ukikatika kabisa. Ukishikwa na degedege la zaidi ya dakika tano, wakukimbize spitali. Mpaka upimwe, usipande mkarafuu, usiendeshe vespa, usiogelee peke yako.

Mamako anataka kisomo. Kisomo na vidonge havigombani, ila usiache vidonge ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Hapo kifafa hurudi mfululizo. Ukipewa lithiamu, dawa ya huo ugonjwa wa kupanda na kushuka, damu ipimwe mara kwa mara, na Ramadhani isikukute hujamuuliza daktari juu ya kufunga, maana mwili ukikauka maji dawa hiyo hugeuka sumu.

Anzia spitali ya hapo Wete, wakiona haja watakupeleka Unguja, Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili. Chumbani kwa daktari uingie na mkeo, naye ndiye aeleze. Ukianza wewe, foleni itafika laasiri.