Mishale inatawanyika nikifunga chembe za kuwindia, tatizo ni upinde au mishale?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, nimenunua upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu kwenye ncha) wa mtumba, nguvu pauni 60, mvuto wangu, yaani urefu ninaovuta kamba, inchi 28, navutia mkono wa kulia. Jamaa yangu alinipa mishale yake ya kaboni imeandikwa 500, naifunga chembe za greni 100 (kama gramu 6.5). Za mazoezi kwa yadi 20 zinaenda poa tu, lakini nikifunga zile pana za kuwindia kila mshale unaenda kivyake. Resti, kile kipande cha upinde kinachobeba mshale, nimeisogeza mpaka nimechoka na msimu wa kulungu unafunguliwa mwisho wa Septemba.

JIBU: Marahaba. Iache kwanza hiyo resti, irudishe mahali pake pa katikati, maana shida yako imeandikwa kwenye mshale wenyewe. Hiyo 500 ni kipimo cha ulaini, yaani uti wa mshale unawekwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa gramu 880, ukipinda nusu inchi ndo unaitwa 500, kwa hiyo namba ikiwa kubwa mshale ni laini zaidi. Sasa upinde wa pauni 60 unausukuma kwa nguvu kutoka nyuma, chembe mbele ni nzito, uti unajikunja kupita kiasi na unatoka umekaa upande. Chembe ya mazoezi ni nyembamba, manyoya yanawahi kuunyoosha. Ya kuwindia ina makali mapana yanayoshika upepo kama mabawa, yanauvuta mshale huko huko ulikokuwa umeelekea.

Kwa vipimo vyako tafuta mishale iliyoandikwa 400, halafu uangalie na chati ya kampuni iliyotengeneza. Uzito wa mshale mzima usishuke chini ya greni 300, yaani greni 5 kwa kila pauni, ukiwa mwepesi sana upinde unaumia karibu sawa na kuachia kamba tupu. Mimi kwa kulungu napenda uzito wa greni 400 mpaka 450, kama gramu 26 hadi 29 hivi, inatulia na inaingia vizuri. Kama hela bado, punguza nguvu ya upinde kwa kulegeza boliti za juu na chini kwa kiasi kilekile, na usipite kiwango cha kwenye kitabu chake.

Na hiyo mishale ya kupewa ikunje kidogo mmoja mmoja mkononi kabla hujarusha, ukisikia inalia au ukaona ufa tupa, kaboni ikipasukia kwenye upinde inaingia mkononi.

Ukipata mishale sahihi ndo tundika karatasi, simama mita 2 hivi, shabaha iwe nyuma yake, rusha uangalie tundu. Mkia wa mshale ukichana juu, pandisha resti kidogo. Ukichana kushoto, angalia mkono kwanza, usiubane mpini, acha ukae chini ya kidole gumba tu. Bado inachana hivyo hivyo? Resti iende kulia, chini ya milimita moja kila mara. Kemu mbili, yale magurudumu ya ncha za upinde, zisipofika mwisho kwa pamoja ukivuta peleka dukani wenye mashine ya kubana upinde, kamba usijaribu kuitoa nyumbani.

Karatasi ikitoka safi rusha za mazoezi na za kuwindia kwa yadi 20 kisha 30, zikitua pamoja usiguse tena kitu.