Maswali ya Wasomaji: Wenye Mji wa Bagamoyo Walikuwa Akina Nani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma mahali pamoja kwamba Bagamoyo ilijengwa na Waarabu, na mahali pengine kwamba ilianzishwa na mapadre. Marehemu babu yangu alikuwa akisisitiza kwamba wenye mji ni Washomvi. Nani hasa waliokuwa wakazi wa mwanzo, na nani alikuwa na amri kabla ya Wajerumani?
*Msomaji wa Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, babu yako alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko hivyo ulivyovisoma. Kabla ya Bagamoyo kuwa mji wa biashara kulikuwa na Kaole, kilometa tano hivi kusini yake, ambako magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara yanaonekana hadi leo. Bandari ya Kaole ilipopoteza nguvu na mikoko ikaifunga pwani yake, makazi yaliyokuwa upande wa kaskazini ndiyo yaliyokua, na kuanzia mwisho wa karne ya 18 Bagamoyo ikawa ndiyo mji. Washomvi, Waswahili wanaojinasibu na Washirazi na ambao mapokeo yao yanawatoa upande wa Barawa na Malindi, ndio waliokuwa wenyeji wenye kutambuliwa hapo, na viongozi wao waliitwa madiwani au majumbe.

Hata hivyo Washomvi hawakukaa peke yao wala kwa nguvu zao peke yao. Mapokeo ya Wazaramo yanaeleza kwamba Wakamba walipoishambulia pwani, Washomvi waliomba msaada bara, akaja Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo, na watu wake, wakawafukuza Wakamba, na kwa sababu hiyo Washomvi wakakubali kumlipa Pazi na warithi wake ada. Kwangu mimi habari hii ni ya msingi katika kuielewa Bagamoyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba haki ya kukaa mjini ilitokana na mapatano kati ya watu wa pwani na watu wa bara, na kwamba mapatano hayo yalikuwa na malipo yake. Anayeisimulia Bagamoyo bila Wazaramo anaacha nje nusu ya wenyeji.

Waarabu wa Omani walikuja juu ya mpangilio huo uliokuwapo tayari. Masultani wa Unguja waliweka askari Wabaluchi chini ya jemadari, wakasimamia ushuru wa forodha, na baadaye wakamweka liwali, yaani mtawala wa mji kwa niaba yao. Lakini liwali hakuwaondoa madiwani: misafara ya Wanyamwezi ilipoteremka na pembe za ndovu, madiwani waliendelea kudai ada zao za jadi, na mgeni aliyetaka kukaa kwa amani alipaswa kuwaridhisha wote wawili. Amri ilikuwa imegawanyika, na mji uliishi na mgawanyo huo kwa miaka mingi. Wamisheni wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakapewa ardhi nje ya mji, wakati Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuwa mlango mkuu wa misafara ya bara.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza ukali wa mwaka 1888. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokabidhiwa na Sultani usimamizi wa pwani na forodha, ilitaka kutawala kana kwamba pale pwani hapakuwa na mtu mwingine mwenye haki. Madiwani wa Bagamoyo na watu wao walisimama kupigana, kama walivyofanya wenzao wa Pangani chini ya Abushiri bin Salim na wa Saadani chini ya Bwana Heri. Vita vilikwisha kwa mtutu wa Hermann Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliyeiteka ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo Mei 1889. Diwani alibaki na heshima ya jina, lakini ada za misafara hazikurudi mikononi mwake.

SWALI: Mhariri, nilipolazwa Muhimbili nilisikia watu wakitaja jengo la Sewahaji. Je, huyu ni Sewa Haji yule yule wa Bagamoyo? Alikuwa na cheo gani katika serikali?
*Msomaji wa Dar es Salaam*

JIBU: Ndiye yeye, na serikali haikumpa cheo chochote cha kutawala. Sewa Haji Paroo alizaliwa Unguja mwaka 1851 katika familia ya Kihindi ya madhehebu ya Ismailia, akafanya kazi ya kuwapatia wasafiri na wafanyabiashara wapagazi na bidhaa za safari: vitambaa, shanga, waya za shaba. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alifanya biashara naye akiwa bado kijana. Kwa kazi hiyo alipata mali nyingi, na haifai kusahau kwamba mali hiyo ilibebwa mabegani mwa maelfu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jengo lolote.

Analostahili kukumbukwa kwalo ni jinsi alivyoitumia mali hiyo. Mwaka 1892 aliitolea serikali ya Kijerumani jengo la ghorofa mjini Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi na dini zote wasome humo. Tafakari uzito wa sharti hilo katika koloni ambalo sheria zake zenyewe zilimpima mtu kwa asili yake. Alifariki mwaka 1897, mwaka ule ule ambao hospitali aliyoigharamia ilijengwa Dar es Salaam kwa ajili ya wagonjwa Waafrika na Wahindi. Hospitali hiyo ndiyo chanzo cha jina ulilolisikia Muhimbili.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mtu aliyeletwa Bagamoyo akiwa mtumwa alikuja kuwa liwali wa mji? Mwalimu wetu wa historia alisema hivyo, wengine darasani wakakataa.
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga*

JIBU: Mwalimu wako amesema kweli, mwanangu. Mtu huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wa Bagamoyo wanamjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Alitolewa Manyema, katika nchi ambayo leo ni Kongo, akiwa mtoto, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mmoja wa Waarabu wenye mali wa mji huo. Katika nyumba hiyo alipata nafasi ya kusoma Kurani na elimu ya dini, akaendelea kusoma kwa masheikh wengine. Alijitafutia riziki kwa biashara ndogo, na baadaye akawa na mashamba ya minazi.

Elimu ndiyo iliyombadilishia daraja. Alikuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria, yaani udugu wa Kisufi wa Waislamu, na katika tarika hiyo mtu aliyetoka bara, mpagazi wa zamani, mtumwa au mtoto wa mtumwa aliweza kukaa katika duara moja la dhikri na mtu wa ukoo wa zamani bila kuulizwa baba yake ni nani. Watu wa aina hiyo walikuwa wengi Bagamoyo, kwa sababu biashara ya misafara ilikuwa imewaleta kwa miaka mingi, na mpangilio wa madiwani haukuwa na nafasi kwa ajili yao. Sheikh Ramiya aliwapa mahali pa kuhesabiwa kuwa watu wa mji, na wao wakampa ufuasi ambao hakuna diwani wala tajiri wa wakati wake aliyekuwa nao.

Waingereza walioiteka Bagamoyo Agosti 1916 walimfanya liwali kwa sababu waliona wazi ni nani anayesikilizwa. Wenzako wanaokataa huenda wanadhani kwamba wakati huo utumwa ulikuwa habari ya kale. La, sheria ya kuukomesha Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, na waliomjua Ramiya kama kijana wa nyumba ya al-Lamki walikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1931, mwanawe Sheikh Muhammad akarithi uongozi wa tarika, na baadaye akawa miongoni mwa waliokiunga mkono chama cha TANU katika mji huo.

SWALI: Wote uliowataja ni wakubwa. Nitapata wapi habari za watu wa kawaida wa Bagamoyo ya zamani?
*Msomaji wa Dodoma*

JIBU: Anza na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo utakuta ndoa, misiba, ngoma, madeni, mashamba, watumwa na mabwana zao, yote kwa Kiswahili cha mtu aliyeyaishi. Kisha nenda misheni, ambako kuna jumba la makumbusho na ambako watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, walikuzwa, wakaozwa na kupewa makazi katika kijiji chao wenyewe. Vitabu vya ubatizo na ndoa ni mahali pazuri pa kutafuta majina ya watu wa namna hiyo, kwa hiyo uliza kwa adabu kama unaweza kuvisoma. Baada ya hapo waulize wazee wa mitaa, na usiwaulize juu ya Livingstone, kwa maana hilo wameulizwa na kila mgeni. Waulize nani alichimba kisima cha mtaa, nani alikuwa imamu, na shamba lililo nyuma ya nyumba lilikuwa la nani kabla ya babu yao.