Vyuo vya kati vinalea, vikubwa vinavuna

Ndugu, umeuliza kama kulegezwa kwa sheria za uhamisho kutaviumiza vyuo vikuu vya daraja la kati, yaani vilivyo nje ya ligi kubwa, kwenye mpira wa kikapu wa vyuo Marekani. Tayari kumeviumiza. Zamani mchezaji akihama alikaa nje msimu mzima. 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ikaruhusu kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na 2024 ikaondoa kikomo kwa anayefanya vizuri darasani.

Tazama Florida Atlantic, chuo cha daraja hilo la kati. Ilifika nusu fainali ya taifa 2023. Mwaka uliofuata kocha Dusty May akaenda chuo kikubwa cha Michigan, mchezaji wake Vladislav Goldin akamfuata, na mwenzake Alijah Martin akahamia chuo kingine kikubwa, Florida, akatwaa ubingwa 2025. Walter Clayton Jr., nyota wa ubingwa huo, alianzia Iona, chuo kingine cha kati. Msimu huohuo timu zote 16 zilizofika raundi ya tatu ya mashindano ya taifa zilitoka kwenye ligi nne kubwa.

Simlaumu kijana, maana kocha naye huhama atakavyo. Kinachoniuma ni chuo kulea chipukizi kisha kuachwa mikono mitupu; kwenye soka klabu iliyomlea hupata angalau fidia. Kweli, wanaokosa dakika za kucheza vyuo vikubwa hushuka vyuo vya kati kutafuta nafasi, ila waking'ara tu, wanaondoka tena.