Nalia jikoni: je, nakufuru neema?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nina watoto watatu, naishi Tanga. Miaka miwili iliyopita tulikubaliana na mume wangu niache kufundisha chekechea nilee watoto. Mume ananihudumia vizuri, sina la kumlaumu. Lakini moyo mzito, siku nyingine nalia jikoni bila kujua sababu. Ustadhi mmoja kaniambia nakufuru neema, kwamba mwanamke mwenye imani hutosheka na nyumba yake, na Qur'ani imemwamuru akae ndani. Nina dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Huna dhambi. Kilichoniudhi katika barua yako ni hilo jibu ulilopewa.

Kukufuru neema ni kuikana au kuitumia katika maasi. Moyo kuwa mzito ni jambo jingine kabisa. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika. Naye alikuwa akiomba kinga ya Mola wake dhidi ya dhiki ya moyo na huzuni. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua?

Bibi Fatma mikono yake ilimuumiza kwa kusaga, akaenda kwa babake kuomba mtumishi. Mtume akawafuata usiku, Fatma na mumewe Ali wamekwisha jinyosha kitandani, akawafundisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34, akisema ni bora kwao kuliko mtumishi. Hakumkaripia. Ustadhi wako angempa hotuba.

Ama aya ya "kaeni majumbani mwenu" (Al-Ahzab, 33), maneno yanaanza kwa kuwaita wake wa Mtume. Wanazuoni wengi wameona adabu yake yawahusu waumini wote, sawa. Lakini baada ya amri ya hijabu Bibi Sauda, mkewe Mtume, alitoka usiku, Umar akamtambua na kumsemesha, na Mtume akasema wameruhusiwa kutoka kwa haja zao. Kuisoma aya na kuificha hadithi hiyo ni kuwabana watu kwa jina la dini.

Tena sisi huku pwani ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii. Imam Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu hayo, akieleza habari ya Bibi Asmaa aliyemtunzia mumewe Zubeir farasi wake na kubeba kokwa za tende kichwani, asema kazi hizo ni wema na uungwana wa mke, si wajibu. Unachofanya humo ndani ni hisani. Mwambie mumeo hivyo, kwa upole. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu: akiwahudumia watu wake, hata sala ikifika akatoka. Nakiri nami nilichelewa kulifahamu hili kwangu.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, nyumba imeitwa *sakan*, mahali pa kutulia, na mnaoambiwa ni nyote. Baba akitulia, watoto wakitulia, nawe uko wima tangu adhana ya alfajiri hadi sufuria ya mwisho, basi kuna mmoja hajaingia katika aya hiyo. Kwanza kaeni wawili, mpangiane saa yako ya kupumzika. Na ualimu haukukutoka: alasiri watandikie watoto wa jirani mkeka barazani, wafundishe kusoma. Watu wazima wa kuzungumza nao pia ni haja.

Usingizi ukikukataa, au ukakosa hamu hata ya wanao kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ueleze yote. Mtume ametuamrisha kujitibu. Na Jumamosi hii mwachie baba watoto, ukamwone mama yako.

Wallahu a'lam.